Barua kwa mwanangu: mnapohamia Mbeya na watoto wadogo

Mtwara, Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa utulivu. Umeuliza mambo matatu: muondoke wote mwanzo wa Julai unapokwenda kuripoti, au utangulie wewe; kwa kuwa kota za kambini zimejaa, mpange nyumba Uyole au Mbalizi; na watoto waliozaliwa kwenye joto la pwani watahimili vipi baridi ya Mbeya, mmoja ana miaka minne na mdogo ana wiki tisa.

Kipimo changu kwa yote matatu ni kimoja, nacho ni usiku ambao wewe hupo nyumbani. Askari huingia zamu, huenda zoezini, huitwa kozi, na mara nyingi taarifa huja leo kwa safari ya kesho. Nyumba inayofaa ni ile ambayo mkeo anaweza kuimudu peke yake saa nane ya usiku, mtoto akiwa na homa na umeme umekatika.

Kwa hiyo tangulia wewe. Mdogo atachomwa chanjo za wiki ya 10 wiki ijayo, na zile za wiki ya 14 zinaangukia mwisho wa Julai. Azimalizie hapahapa Mtwara kwa muuguzi anayemjua, hasa ile ya kuzuia nimonia, ambayo dozi yake ya tatu ni hiyo ya wiki ya 14. Wakisafiri katikati ya Agosti watakuwa wameukwepa mwezi wenye baridi kali kuliko yote, na wiki chache mbele Septemba inaanza kupasha. Katika majuma hayo sita wewe utafute nyumba, ulale humo, uijue kasoro zake kabla mtoto hajaingia. Ukilazimika kulipa kodi kwa mkupuo, omba miezi mitatu badala ya sita au mwaka. Nyumba ya baridi haijulikani kwa kuiona mchana mmoja, na kota ya kambini inaweza kupatikana wakati wowote.

Kuhusu mahali, mimi nachagua Mbalizi. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Songwe, mbele kidogo ya Mbalizi, uko kama mita 1,350, na Mbalizi yenyewe unaifikia baada ya kushuka mteremko wa Iwambi ukitoka mjini. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo tofauti ya sehemu hizi mbili inafika nyuzi mbili, na kwa kichanga nyuzi mbili ni sweta nzima. Mjini Mbeya usiku wa Julai hushuka karibu na nyuzi 6. Sisi huku nyuzi 19 tunaita baridi. Tena hospitali ya Ifisi ipo palepale Mbalizi. Ubaya wa Mbalizi ni barabara kuu ya Zambia na malori yake yanayoteremka Iwambi yakiwa na mzigo. Panga mitaa ya ndani, mbali na lami, na uwanja uwe na ukuta au uzio, maana mke mwenzangu huyo wa miaka minne hakai sehemu moja.

Ukikagua nyumba, nenda mara mbili: alfajiri na jioni. Angalia dari kwanza. Bati lisilo na dari hupoa usiku, mvuke wa pumzi zenu ukageuka maji juu yake, na asubuhi maji yanadondokea kitandani. Watu hudhani paa linavuja. Kwenye kona za chini na nyuma ya makabati tafuta madoa meusi ya ukungu. Yakiwepo, hata kama mwenye nyumba amepaka rangi juzi, usichukue, kwa sababu ukungu huo unaweza kuwapa watoto kikohozi kisichoisha. Madirisha ya vyumba vya kulala yawe mashariki au kaskazini. Huko, miezi ya Juni na Julai, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na chumba kinachotazama kusini hakilioni kabisa. Vioo vya luva havizibi upepo. Madirisha yanayofungwa sawasawa ni bora. Sakafu ya saruji tandikeni mkeka, kisha zulia juu yake. Kitanda kikae shubiri moja kutoka ukutani. Uliza pia kama luku, yaani mita ya umeme, ni yenu peke yenu. Mkichangia luku na wapangaji wengine, maji ya kuoga ya watoto yatawagombanisha kila wiki.

Sasa nisikilize kwa makini. Baridi yenyewe mtaizoea. Ninachokiogopa ni jiko la mkaa chumbani. Watu wa pwani wakifika nyanda za juu hufunga madirisha, huziba matundu ya hewa kwa matambara, kisha huingiza jiko ili chumba kipate joto. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Wengi huamini kwamba moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu, hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu, hata yaliyofunikwa majivu, huendelea kuitoa, na kadiri chumba kinavyokosa hewa safi ndivyo inavyozidi. Inashika damu mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala hupoteza fahamu bila kuamka. Mtoto mchanga huwahi kudhurika kuliko mkubwa kwa sababu anapumua haraka zaidi. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko lisilale ndani kabisa, si chumbani, si sebuleni, si kwenye korido. Lipikiwe jikoni penye mlango wazi au barazani, na likae nje mpaka majivu yawe baridi. Mwambie na dada wa kazi, kwa maana aghalabu yeye ndiye anayebaki na jiko katika chumba chake kidogo, na hakuna anayemkagua.

Dalili za sumu ya hewa hiyo hufanana na malaria au mafua: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Kinachoitofautisha ni kwamba wote nyumbani huugua kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Hapo mkeo asitafute simu wala viatu. Atoe watoto nje kwanza. Kisha hospitali, hata kama wote wameamka, na amwambie daktari wazi kuwa jiko lilikuwa ndani. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha kuwa oksijeni iko sawa wakati sivyo, kwa hiyo maneno yake ndiyo yatakayomfanya daktari atoe matibabu ya oksijeni mapema.

Kupasha kitanda kuna njia salama. Jazeni maji ya moto, yasiyochemka, kwenye mfuko wa mpira au chupa ngumu, ufungwe kwa khanga, uwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala, kisha utolewe mtoto anapolazwa. Kwa kupikia chukueni gesi, mtungi ukae wima karibu na mlango, na kila mkibadilisha mtungi pakeni povu la sabuni kwenye maungio: likitoa mapovu, gesi inavuja. Na kile chuma cha umeme cha kuchemshia maji ndooni kina utaratibu wake: kiingie majini kwanza ndipo swichi iwashwe, swichi izimwe na plagi itolewe kabla mtu hajagusa maji. Watu hupigwa shoti kwa kuonja joto la maji kwa kidole kikiwa kinawaka. Kama nyaya za nyumba ni za zamani, kiacheni kabisa.

Kwa mdogo, kanuni ni nguo moja zaidi ya anayovaa mama yake: fulana ya pamba mwilini, shati, sweta, kofia na soksi. Kujua kama ana baridi, mguse kifuani au nyuma ya shingo. Vidole vya kichanga huwa baridi hata akiwa sawa. Shingo ikiwa na jasho, punguza nguo, kwani nguo zikilowa humpoza. Alale chali, bila mto, kwenye blanketi lake lililochomekwa na kuishia kwapani. Asifunikwe blanketi zito pamoja na mama, maana linaweza kumfika usoni akaziba pumzi. Kuoga iwe kati ya saa sita na saa nane mchana, maji yapimwe kwa kiwiko, na kichwa kikaushwe kwanza. Si lazima kila siku. Mafuta ya nazi mtakayobeba yataganda, kwa kuwa huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Hayajaharibika, chupa iwekwe kwenye maji ya vuguvugu. Nepi za kitambaa ziwe 24 hivi, kwa sababu siku za ukungu nguo inaweza kukaa kambani siku mbili. Zilizobaki na unyevu zimaliziwe kwa pasi.

Mafua yatawapata, hayo msihangaike nayo. Kinachotakiwa ni kuhesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima, saa ikiwa mkononi. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni haraka mno. Kwa yule wa miaka minne, 40 au zaidi. Hiyo, akiwa anakohoa au anapumua kwa shida, ni hospitali siku ileile. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au mtoto akishindwa kunyonya, ni hospitali saa ileile. Mkwe wangu afanye zoezi hili hapa Mtwara watoto wakiwa wazima.

Na wakipata homa katika wiki za mwanzo, mwambieni daktari kwamba wametoka Mtwara, ili wapimwe malaria. Huwa mtu anatoka nayo pwani mwilini, ikachomoza baadaye, na nyanda za juu daktari anaweza kuifikiria mwisho. Vyandarua mwende navyo. Kama kuna mtoto katika ukoo wa mkeo mwenye selimundu (sikoseli), wetu wapimwe kabla ya safari, kwani baridi huamsha maumivu yake.

Safari: njia ya Masasi, Tunduru na Songea ni lami na inapita zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Mbeya, kwa hiyo walale Songea. Siku ya pili ndiyo ngumu. Kuna kona za Lukumburu, ambako watoto hutapika, basi wale kidogo asubuhi. Kisha Njombe, ambayo baridi yake haipungui ile ya Mbeya. Kosa la wengi ni kuvisha watoto nguo za pwani na kupakia sweta chini ya basi. Sweta, kofia na blanketi moja moja viwe kwenye begi la mkononi, pamoja na kadi za kliniki. Mdogo anyonyeshwe kwenye mapando na miteremko, masikio yasizibe.

Mizigo isiwe mingi. Feni na friza viacheni. Makoti mtapata kwenye mitumba ya Mwanjelwa, ila soksi na fulana za watoto nunueni huku ziwe tayari. Chukueni mbuzi ya nazi, korosho, na makopa kiasi mnachopenda. Huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, kwa hiyo maharage huchukua muda mrefu kuiva. Yalowekwe usiku kucha au mnunue sufuria ya presha.

Kabla ya wewe kwenda zamu ya kwanza, mkeo awe na namba tatu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni: jirani mwenye gari, bodaboda anayeaminika, na mke wa askari mwenzako anayekaa karibu. Awe na fedha taslimu ya hospitali na nauli mahali anapopajua yeye, isiyoguswa kwa mboga. Usiku wa kwanza utakaolala nje usiwe siku ambayo amefika jana.

Ukishapata nyumba, nipimie madirisha ya vyumba vya kulala, upana na urefu. Nitashona mapazia yenye bitana, yakizidi dirisha sentimita 20 kila upande na kufika sakafuni, ili yasipitishe upepo pembeni. Kitambaa ninacho tayari; mkeo atakuja na mapazia hayo mwezi wa nane.

Mama yako