Daktari mkali nitamvumilia, asiyepima mkojo hapana

*Jambo sana, Shangazi. Nina miaka 31, nashona nguo Katuba, nina bwana na mtoto mmoja. Sasa ni miaka miwili vidole vyangu vinavimba asubuhi mpaka nashindwa kutia uzi kwenye sindano. Homa inakuja, inaenda. Kila nikifika hospitali ni palu (malaria) na tifoide, sindano, serumu, rudi nyumbani. Dokta mmoja aliniambia mbele ya wagonjwa wengine kwamba sina ugonjwa, nina mawazo, nizae mtoto wa pili yataisha. Mwezi uliopita daktari mwingine alinipima damu, akasema ni lupus, haiponi, akaandika dawa, akaita mgonjwa anayefuata. Nilipouliza kama nitaweza kuzaa tena, akasema niache kusoma mambo ya Google. Mama mkwe anasema ni ulozi. Mchungaji anataka nifunge siku saba bila kula wala kunywa dawa. Bwana wangu anataka kuuza parseli, kiwanja chetu, anipeleke India. Je, nirudi kwa dokta asiyetaka maswali? Na nywele zangu zinaisha, Shangazi.*

*Mshonaji, Lubumbashi*

Mwanangu, lia kwanza, kisha shukuru, na usione haya ukivifanya vyote viwili ndani ya saa moja. Ulikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza. Aliyekuambia una mawazo alikosea, na kukusemesha vile mbele za watu lilikuwa kosa la pili. Sitakuomba umsamehe wiki hii.

Ila nataka uelewe kosa lilianzia wapi, maana ugonjwa huu utakukutanisha na madaktari maisha yako yote. Lupus inaweza kuanza kwa sura ya palu: homa, uchovu, viungo kuuma. Katika mji huu daktari anayefikiria palu kwanza hakosei. Anakosea pale labo inaporudisha damu bila mdudu na yeye bado anaandika dawa ya palu. Tena kile kipimo cha tifoide wanachokiita Widal kinaweza kutoka chanya kwa mtu aliyeugua tifoide zamani, au mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana nusu ya mtaa wako ina karatasi ya tifoide kabatini. Homa inayorudi miezi na miezi, kwa mwanamke wa umri wako, pamoja na vidole vinavyovimba asubuhi, ilitakiwa imfanye mtu aweke kalamu chini afikirie upya. Kati ya wagonjwa kumi wa lupus, tisa hivi ni wanawake, na wengi inawashika kati ya miaka 15 na 45. Lakini picha nyingi za vitabuni zinaonyesha wekundu mashavuni kwenye ngozi nyeupe. Kwetu yale madoa mara nyingi yanatoka meusi au ya zambarau, na mama anaambiwa abadilishe pomadi.

Ugonjwa wenyewe ni huu: kinga ya mwili, iliyopaswa kupigana na vijidudu, inageuka inaushambulia mwili wako. Hauambukizi. Lala na bwana wako, kula sahani moja na mtoto wako. Haiponi, hapo dokta alisema kweli, lakini inatulizwa, na wako wanawake wengi wanaozeeka nayo wakiwa kazini kwao.

Sasa swali lako kuu, kama urudi kwake. Nami nakuuliza: alipima mkojo wako?

Sikuulizi kama alikuwa mpole. Daktari asiye na maneno matamu, anayeita mgonjwa anayefuata kabla hujafunga mkoba, huyo namvumilia. Pengine nje ya mlango wake watu wamejaa benchi tangu alfajiri. Nisiyemvumilia ni yule asiyepima. Lupus inapenda figo, na figo haziumi. Protini inavuja kwenye mkojo kwa miezi bila wewe kusikia chochote, mpaka siku miguu inavimba na mkojo unatoa povu, na hapo mmeshachelewa. Kuigundua mapema kunahitaji kijiti kidogo kinachochovywa kwenye kopo la mkojo, presha ya damu, na kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Hata zahanati nyingi za mtaani zina kile kijiti. Mwanzoni virudiwe kila miezi mitatu hivi, hata ukijisikia vizuri, na zaidi ukijisikia vizuri.

Kama aliviagiza hivyo, rudi kwake. Ukali ni tabia yake, na ni yeye aliyeona kile ambacho wengine hawakukiona miaka miwili. Kama hakuviagiza, na ukimuomba anakataa, ondoka, hata kama siku hiyo atakuita "mama" na kucheka nawe vizuri. Tafuta daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali kubwa, kwa mfano Kliniki za Chuo Kikuu.

Na hivi ndivyo utakavyoingia. Nunua kaye, daftari la shule la kurasa chache. Kila siku andika mstari mmoja: homa ipo au hakuna, vidole vimevimba mpaka saa ngapi, umelala vipi. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujanawa, piga mikono yako picha kwa simu, karibu na dirisha, ukijaribu kukunja ngumi. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanaposhindwa. Unaamka mikono haikunjiki, unapanga foleni, dokta anakuona saa tano, vidole vimeshuka, naye anaona mikono mizuri ya mshonaji na anafikiria mawazo. Picha ya alfajiri haibishani naye, inamwonyesha tu. Karatasi zote za labo ziweke ndani ya kaye hiyo hiyo. Ulizilipia, ni zako, usikubali zibaki mezani kwake.

Maswali yasizidi matatu, yaandike ukurasa wa mwisho, umpe asome mwenyewe. Wengi hawapendi kuulizwa lakini wanasoma. Kwenye intaneti wanashauri umwambie daktari aandike kwenye fishi, ile kadi yako ya hospitali, kwamba amekataa kukupima. Huko kwao labda inafaa, hapa kwetu utafungiwa mlango. Sema hivi: "Dokta, mkojo wangu tumeupima lini mara ya mwisho?" Tumeupima, wewe na yeye. Nenda na mtu, dada yako au rafiki wa kanisani, ila si yule anayejibu badala yako.

Kuhusu dawa, hukuniambia aliandika nini. Kwa kawaida ya kwanza ni haidroksiklorokini, na najua kuna mtu atakayesoma paketi akuambie, "Hii si ile dawa ya palu?" Ni ndugu wa klorokini, ndiyo, lakini hapa inafanya kazi nyingine: inaituliza ile kinga iliyogeuka. Inafanya kazi polepole, wiki nyingi, mara nyingi miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo usiitupe mwezi wa kwanza kwa kuwa vidole bado vinauma. Kipimo chake kinafuata uzito wako, kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, na macho yapimwe mwanzoni, kisha yaendelee kufuatiliwa, maana ikinywewa miaka mingi inaweza kuyadhuru.

Kama kuna na prednisone, usiiache ghafla hata siku ambayo pesa zimeisha. Mwili ukishaizoea unaacha kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo, na kukatisha kunaweza kukuangusha vibaya. Itakupa njaa na mashavu ya mviringo. Majirani watasema umenenepa, bwana anakutunza, na wako wasichana wanaonunua vidonge vya dexamethasone vibandani kusudi wapate mashavu hayo hayo. Waache na mambo yao, lakini wewe usiongeze kidonge ambacho hakikuandikwa. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, za kununua bila ushauri, ziache kabisa, figo zako haziwezi kubeba na hizo. Na mizizi pia, mwanangu, hata ile ya shangazi yako halisi.

Jua nalo linauamsha ugonjwa huu. Cherehani itoke kwenye baraza iingie kivulini, mikono mirefu na mwavuli barabarani, hasa mwezi wa tisa na wa kumi. Na wakati kila mama anataka kikwembe chake cha 8 Machi, Siku ya Wanawake, kiishe, kata orodha mapema. Kukesha wiki mbili kutakugharimu kuliko faida ya magauni yale.

Homa ikija, usiseme ni lupus tu. Lupus haikukingi na palu, kwa hiyo pima. Lakini uso au miguu ikivimba, mkojo ukiwa na damu au povu, kifua kikibana, au ukipata degedege, nenda hospitali siku ile ile, usingoje tarehe ya dokta.

Bwana wako anakupenda, mtu hauzi parseli kwa asiyempenda. Mshike mkono umwambie asiuze. Hakuna operesheni ya lupus India. Kinachokuweka mzima ni vidonge vya kila siku na vipimo vya kila miezi michache, kwa miaka, na hela hiyo inatakiwa iwepo mwaka huu na mwaka wa kumi. Parseli ikishauzwa, mtarudi na ugonjwa ule ule, na kodi ya nyumba juu yake. Daktari wa hapa akishindwa kweli, figo zikileta shida kubwa, kuna kuvuka Kasumbalesa kwenda Zambia kabla ya kufikiria ndege. Mpeleke naye kwenye miadi moja, aulize mwenyewe, maana wanaume wengi wanaogopa zaidi kile ambacho hawakukisikia kwa masikio yao.

Mchungaji mwambie aombe, nawe ule na kunywa dawa. Anayekuambia uache vidonge hatakuwepo siku ya dialisisi, ile mashine ya kusafisha damu figo zikishindwa. Kwa mama mkwe usibishane juu ya ulozi, hutashinda. Mpe kazi: siku za labo akae na mtoto. Mtu mwenye zamu yake hapati nafasi kubwa ya kumtafuta mlozi.

Kuzaa, ambako dokta wako alikudharau kukujibu: inawezekana, wanawake wengi wenye lupus wamezaa. Kinachotakiwa ni kungoja mpaka ugonjwa utulie angalau miezi sita, figo zikiwa salama, na kupanga mimba pamoja na daktari, isije kwa bahati. Haidroksiklorokini kwa kawaida inaendelea hata ukiwa mjamzito. Dawa nyingine, kama methotrexate na mycophenolate, zinaachwa kabla ya mimba. Na kwa sasa, ukienda kutafuta uzazi wa mpango, mwambie muuguzi una lupus kabla hajakupa vidonge, maana vile vyenye homoni ya estrojeni kwa baadhi yenu vinagandisha damu. Hili swali liwe la kwanza kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye. Akikwambia tena mambo ya Google, mjibu kwa sauti ya chini kwamba unataka kulisikia kwake, ndiyo sababu umelipa fishi.

Nywele sasa. Zinazodondoka kwa sababu ya ugonjwa kuwa mkali huwa zinarudi ukishatulia. Zisizorudi ni pale ngozi ya kichwa ilipofanya kovu, kwa hiyo ukiona doa gumu lenye magamba, mwonyeshe daktari mapema. Misuko ya kukaza iache mwaka huu, na dawa za kunyoosha pia. Wigi vaa, tena chagua nzuri, ila ya kuvua usiku, isiyo ya gundi.