Bwawa kwa Kiingereza: "dam" au?

Ndugu, umeuliza kama bwawa kwa Kiingereza ni "dam" tu. Inategemea bwawa gani, maana neno hili tumelibebesha mizigo mingi. "Dam" hasa ni ule ukuta unaozuia mto. Maji yaliyojikusanya nyuma yake ni "reservoir". Pale Mtera, Tanzania, kwenye mto Ruaha Mkuu, ukuta ndio "dam", ila wavuvi wanatega nyavu kwenye "reservoir". Huku kwetu watu huyaita hata maji yenyewe "dam", na ukisema hivyo Dodoma au Nairobi utaeleweka bila shida. Ila kwenye mtihani au ripoti ya mazingira, tenganisha. La kufugia sato nyuma ya nyumba ni "pond", la kuogelea ni "pool".

Kuhusu kinamasi, ambacho nacho wengine hukiita bwawa: chenye miti ni "swamp", chenye majani na matete tu ni "marsh". Mikoko ya delta ya Rufiji, kwa mfano, imeota kwenye "swamp". Sasa Yala kule magharibi mwa Kenya kumejaa mafunjo, kwa kipimo hicho ingeitwa "marsh", lakini kwenye ramani imeandikwa Yala Swamp. Usinilaumu mimi, Kiingereza ndivyo kilivyo.

Ukikwama kabisa andika "wetland". Hiyo ndiyo ardhioevu yetu, inabeba vyote viwili, na ndilo neno la Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu.