Mchanga wa Kinyasungwe hufika baharini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Kazi yangu ni kupakia mchanga wa korongo kwenye malori hapa Mpwapwa. Nilipokwenda Saadani niliona mchanga wa ufukweni unafanana na wetu, ila ni laini zaidi. Je, umetoka huku? Na mbona wa Zanzibar ni mweupe kama unga?

JIBU: Marahaba. Kwa sehemu, ndiyo, unaweza kuwa umetoka huko. Makorongo ya Mpwapwa humwaga kwenye mto Kinyasungwe, ambao maji yake hushuka hadi mto Mkondoa, hupita Kilosa na kuingia mto Wami, unaomwaga baharini kusini kidogo ya Saadani. Ungekuwa unaishi Bahi ningekujibu hapana, maana mto Bubu huishia kwenye mbuga ya Bahi na mchanga wake hauna njia ya kwenda pwani.

Mchanga huo ulianza kama mwamba. Granaiti ikichakazwa na jua na mvua, madini yake mengi hugeuka mfinyanzi. Kwatsi, madini yanayofanana na vipande vya kioo, ndiyo hubaki, kwa sababu ni ngumu na haiozi. Chembe zake husogea siku korongo linapofurika, kisha hulala hadi mvua nyingine. Safari hiyo huchukua vizazi na vizazi, na chembe nyingine hukwama njiani. Chembe kubwa ndizo za kwanza kubaki nyuma, ndiyo maana wa pwani umeuona laini.

Mlangoni mwa mto mawimbi huanza kuchambua. Tope huelea likaenda mbali au kunaswa na mikoko. Mchanga hutupwa ukingoni. Wimbi huja kwa mshazari na kurudi moja kwa moja, hivyo chembe husogezwa kando ya pwani hatua kwa hatua: kusi husukuma kuelekea kaskazini, kaskazi hurudisha kusini. Kwa hiyo mchanga wa ufukweni uko njiani tu. Ukiingia mchache kuliko unaotoka, bahari inakula ardhi. Kunduchi, Dar es Salaam, wameyaona hayo, na kuchimba mchanga kwenye vijito vinavyoingia pale ni moja ya sababu.

Ule mweupe wa Zanzibar haukutoka mlimani. Ni vipande vya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Udondoshee siki, utatoa povu, kwatsi haitoi.

Kuhusu kazi yako, Saadani ni mbali mno kuhisi lori moja. Mimi ningehofia zaidi kingo za korongo lenyewe, na nguzo za daraja kama mnachimba karibu nazo.