Je, juisi ya choya (rozela) inatosha kuchukua nafasi ya vidonge vya presha?

SWALI: Nina umri wa miaka 56 na ninatumia vidonge vya amlodipini kwa ajili ya presha. Akina mama wenzangu wa kikundi hapa Majengo wanasema juisi ya choya na kitunguu saumu vinatosha, na mmoja wao aliacha vidonge, akapima baada ya siku nne na kukuta presha iko vizuri. Natamani kujaribu. Nifanyeje ili nisijidhuru? – Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Mama, umefanya vyema kuuliza kwanza. Choya si ya kupuuzwa, kwani uchunguzi umeonyesha kwamba inaweza kushusha presha kwa kiasi kidogo. Lakini siku nne za mwenzako hazithibitishi chochote. Amlodipini hutoka mwilini polepole: huchukua takribani saa 30 hadi 50 kiwango chake katika damu kupungua kwa nusu, kwa hiyo anayeacha kidonge leo na kuanza choya leo hiyo hiyo huendelea kulindwa na kidonge kwa siku kadhaa, huku sifa zote akiipa choya. Presha itakapopanda, pengine atakuwa amekwisha kuacha kupima, nayo mara nyingi hupanda bila dalili yoyote. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Usiache vidonge, na umweleze daktari wako unachokusudia. Anza na kitu kimoja tu, maana ukichanganya choya na kitunguu saumu hutajua kipi kimekusaidia wala kipi kimekudhuru. Pima presha wiki nzima kabla ya kuanza, asubuhi na jioni, baada ya kukaa kwa utulivu dakika 5, mgongo ukiwa umeegemea, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukiwa mezani usawa wa moyo. Andika kila kipimo katika daftari, kisha uendelee vivyo hivyo utakapoanza kunywa. Juisi isitiwe sukari. Kitunguu saumu cha kwenye mboga hakina shida, ila kiasi kikubwa kinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia aspirini au warfarini, yaani dawa zinazozuia damu kuganda.

Ukipata kizunguzungu unaposimama, acha choya ukapimwe. Kipimo kikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC mara moja. Presha ikishuka na kubaki chini, peleka daftari kliniki, kwa sababu uamuzi wa kupunguza dozi ni wa daktari baada ya kuvisoma vipimo hivyo.