Kwa nini bapa la randa la Kijapani lina vyuma viwili

Umeuliza kama ule mstari unaong'aa karibu na makali ya bapa la randa yako ya Kijapani ni ufa. Hapana ndugu yangu, hapo ndipo vyuma viwili vilipoungana. Mhunzi huchukua chuma laini, mara nyingi cha zamani kama mnyororo au nanga ya meli, akabandika juu yake kipande chembamba cha pua, yaani chuma kigumu, akavifua vikiwa moto mpaka vishikane. Kile kigumu ndicho kinachokata. Kile laini kinapokea mtikisiko na kukurahisishia kunoa. Ligeuze bapa: upande wa nyuma umechimbwa kidogo katikati, ili jiwe la kunolea liguse kingo tu.

Ukitaka kumjua bingwa wa kazi hii, tafuta habari za Chiyozuru Korehide (1874–1957) wa Tokyo. Alitoka katika ukoo wa wafua panga za samurai, na mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku watu kutembea na panga. Ufundi ule haukufa, ukahamia kwenye randa na patasi za maseremala. Mimi naona bapa zake zinapendeza kuliko panga. Tafadhali usilipeleke bapa lako kwenye mashine ya kunolea, moto utaua ugumu wake.