Mwalimu wa Usonara Anajibu: Kazi za Kwanza za Wanafunzi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wanafunzi wanaojifunza kufua mapambo ya shaba na fedha, pamoja na mzazi mmoja anayelipia vifaa vya darasa hilo. Tumechagua zile zinazohusu kazi ambazo mwanafunzi hutakiwa kuzikabidhi mwishoni mwa muhula, yaani pete, hereni, vidani na bangili.

Binti yangu anasoma usonara, nami nilitarajia atarudi nyumbani na pete ya fedha. Muhula unakaribia kwisha na kila anacholeta ni cha shaba, tena kinamwachia rangi ya kijani kidoleni. Je, walimu wanabana matumizi? — Mama wa mwanafunzi, Nakuru

Bei ni sababu mojawapo, wala hakuna haja ya kuificha, kwa kuwa anayeanza hukata vibaya, hupasua bamba na kuunguza waya, na hasara hiyo ni afadhali iwe ya shaba. Hata hivyo, darasa langu lingekuwa na madini ya fedha ya kutosha bado ningeanza na shaba. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, ilhali lehemu ya fedha wanayotumia masonara huyeyuka kati ya nyuzi 650 na 800 hivi, kwa hiyo mwanafunzi akichelewa kidogo kuondoa moto, kazi yake bado ipo. Fedha ya 925, yenye sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000 na zilizobaki kwa kawaida zikiwa shaba, huanza kuyeyuka mara tu inapopita nyuzi 800, na hapo kati ya mshono ulioshika na pete iliyogeuka tone kuna sekunde chache tu.

Isitoshe, shaba humzoesha mkono namna madini yanavyokakamaa. Ukiigonga kwa nyundo au kuikunja mara kwa mara huwa ngumu, na ukiendelea kuilazimisha hupasuka ukingoni. Dawa yake ni kuipasha moto mpaka iwe na wekundu hafifu, ule unaoonekana vizuri penye kivuli, kisha kuitia majini, nayo itakuwa laini tena. Ile rangi ya kijani hutokana na shaba kukutana na jasho, na huondoka kwa maji na sabuni. Binti akikuletea pete nyingine, mama, igeuze uangalie upande wa ndani ulipo mshono kabla ya kuangalia nakshi za nje. Ikiwa umelazimika kuutafuta, basi ada yako haijapotea.

Shikamoo Mwalimu. Ninatengeneza pete ya shaba, lakini lehemu inajikunja kama kidonge na kubaki juu ya mshono badala ya kuingia ndani. Nikiongeza moto inakimbilia upande mmoja. Nimejaribu kuweka lehemu nyingi zaidi na hali imekuwa mbaya zaidi. — Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Arusha

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuizima tochi ya moto, kwa sababu naamini kosa lako limetokea kabla ya kuiwasha. Lehemu haikuumbwa kuziba pengo. Husafiri kwa kunyonywa katikati ya nyuso mbili za madini zilizokaribiana sana, na pasipokuwa na ukaribu huo haina pa kwenda. Chukua tupa bapa uzinyooshe ncha zote mbili za pete, uzipishane kidogo, kisha uzirudishe zikabiliane ili ule mkazo wa shaba wenyewe uzibane pamoja. Inua pete mbele ya dirisha. Ukiona uzi wa mwanga ukipenya kwenye mshono, rudi kwenye tupa. Usijali kama pete haina umbo la duara kwa wakati huu, maana ikishashika utaigonga kwa nyundo ya mti kwenye fimbo ya pete hadi iwe duara kamili. Wanafunzi wengi hung'ang'ania kupata duara kwanza, wakaishia na pete nzuri ya mviringo yenye mshono uliofumuka.

Jambo la pili ni usafi. Lehemu huwa kidonge inapokuta utando mweusi, mafuta ya vidole au vumbi la tupa. Sugua mshono kwa msasa, usiuguse tena kwa kidole, upake boraksi, ule unga mweupe unaozuia utando mweusi usirudi wakati wa moto, iliyokorogwa na maji mpaka iwe kama uji mwepesi, kisha uweke kipande kimoja tu cha lehemu, kidogo kuliko unavyodhani kinahitajika, juu ya mshono au chini yake.

Sasa ndipo tochi inapohusika. Moto haupelekwi kwenye lehemu. Unapelekwa kwenye pete. Zungusha mwali taratibu ukianzia upande ulio mbali na mshono, na uiangalie boraksi, kwa kuwa ndiyo itakayokuambia ulipofika: kwanza maji hukauka, kisha huvimba ikawa nyeupe na huenda ikakisogeza kile kipande cha lehemu, kisha hutulia na kung'aa kama kioo. Hapo sogeza mwali kwenye mshono, uhakikishe ncha zote mbili zinapata joto sawa. Lehemu hukimbilia palipo na joto kali zaidi, na ndiyo sababu yako ilikuwa inapanda upande mmoja. Ikiyeyuka utaona mstari wa fedha ukipita kwenye mshono kwa ghafla. Ondoa moto papo hapo. Ukiendelea kuipasha itachuruzika na kukuachia mashimo.

Kuhusu kuongeza lehemu, ile iliyozidi utalazimika kuiondoa kwa tupa, na kwenye shaba nyekundu hata doa dogo jeupe la lehemu huonekana kutoka mbali.

Lehemu ya fedha ni ghali na haipatikani mtaani kwetu. Je, ninaweza kuunganisha hereni za fedha kwa ile ya mafundi redio? — Mwanafunzi, Morogoro

Hapana, na nakuomba usiijaribu hata kwa kujificha. Lehemu ya mafundi redio ni bati, mara nyingi likiwa limechanganywa na risasi. Mshono wake ni dhaifu, lakini hilo ndilo dogo. Risasi ni sumu isiyofaa kuvaliwa sikioni, na siku mtu atakapotaka kuitengeneza hereni hiyo kwa moto mkali, risasi iliyobaki italila lile pambo na kulitoboa vishimo. Karakana makini hazikubali risasi ikae meza moja na fedha, na tupa iliyotumika kwenye risasi haiguswi tena na kazi ya fedha. Kama huna lehemu inayofaa, tengeneza pambo lisilohitaji moto: toboa mabamba kwa kekee uyaunge kwa ribiti, yaani vijiti vifupi vya madini vinavyogongwa ncha ili vibane, au ufume waya. Mwalimu mwenye jicho zuri atalipatia alama kama kazi nyingine.

Kidani chetu cha fedha kimetoka kwenye maji ya kusafishia kikiwa na rangi ya waridi. Tumeibiwa fedha? — Wanafunzi wawili, Mombasa

Hamkuibiwa. Bila shaka mlikitoa kwa koleo la chuma, au kilikuwa bado kimefungwa waya wa chuma. Maji hayo ya kusafishia, yaani tindikali iliyozimuliwa, au ndimu ya unga kwenye maji ya moto kama wanavyotumia wengi, huyeyusha utando wa shaba, na chuma kikiingia humo shaba hiyo hujipaka juu ya fedha. Tumieni koleo la shaba, la plastiki au vijiti vya mwanzi. Rangi yenyewe ni nyembamba mno. Msasa laini utaiondoa.

Nimepima kidole cha mteja, nikakata bamba sawasawa na mzunguko wake, lakini pete imembana. Kwa nini? — Mwanafunzi, Dodoma

Umesahau unene wa bamba. Likikunjwa, upande wa ndani hujikusanya na wa nje hutanuka, kwa hiyo jumlisha unene kwenye kipenyo cha ndani kabla ya kuzidisha kwa 3.14. Kwa kipenyo cha milimita 17 na bamba la milimita 1.5, utapata 18.5 mara 3.14, yaani milimita 58 na ushee. Ukitumia 17 peke yake utakata milimita 53.4, na hapo ndipo kidole kilipobanwa.

Mjomba amenipa jiwe dogo la tanzanaiti lililokwisha kukatwa. Ninataka kulipachika kwenye pete iwe kazi yangu ya mwisho. — Mwanafunzi, Babati

Hongera kwa kuwa na mjomba wa namna hiyo, lakini ningekushauri ulitengenezee kidani au hereni. Tanzanaiti, inayochimbwa Mererani mkoani kwenu na iliyojulikana duniani tangu mwaka 1967, ina ugumu wa kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachoishia 10 kwa almasi, na hupasuka kirahisi ikigongwa vibaya au ikibadilishiwa joto ghafla. Mkono hugonga milango na sufuria kutwa nzima, shingo haigongi. Ukisisitiza iwe pete, lizungushie jiwe ukuta kamili wa fedha badala ya kulishika kwa kucha nne, kwa kuwa ukuta hukinga ukingo wote.

Lehemu zote, usafishaji wote na sehemu kubwa ya ung'arishaji vimalizike kabla jiwe halijaingia. Baada ya hapo tochi haisogei tena karibu. Ukuta uzidi ukingo wa jiwe kwa kiasi kidogo tu, na uusukume ndani kwa kubadilisha pande: kaskazini kisha kusini, mashariki kisha magharibi, ukienda mfululizo kuzunguka utapata mkunjo usiotoka. Jizoeze kwanza kwa akiki ya bei nafuu, hata mara kadhaa, kabla ya kuligusa la mjomba.

Bibi alinirithisha bangili ya fedha iliyokatika. Mwenzangu darasani ananiambia niiyeyushe nipate fedha ya kazi yangu ya mwaka. Nifanyeje? — Mwanafunzi, Unguja

Usiiyeyushe. Mapambo mengi ya zamani ya Oman na ya pwani yetu yalifuliwa kwa sarafu za Maria Theresa, mtawala wa zamani wa Austria, zilizoyeyushwa, zile ambazo kila moja ina mwaka 1780 hata kama iligongwa miaka mingi baadaye, na fedha yake ni sehemu 833 hivi katika 1,000. Kwa hiyo, hata ukiiyeyusha, huenda usipate fedha ya 925 ambayo mwalimu wako anaitaka, na utakuwa umepoteza nakshi ambazo hakuna anayeweza kukurudishia. Ipige picha, ipime kila upande, kisha uifue nakala yake kwa shaba na kuikabidhi kama kazi yako. Mimi ningeipa alama nyingi kuliko pambo lolote lililobuniwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Ile yenyewe usiiwekee tochi, kwa kuwa bangili za namna hiyo mara nyingi zimewahi kutengenezwa kwa bati au risasi mahali usipopaona. Ipeleke kwa sonara mzee, umwombe aikague palipokatika na kwenye bawaba, na ukubaliane naye kabla hajaanza kama ataiunga kwa moto au kwa ribiti.