Bima na kovu la moto la mtoto
Dada, umeuliza kama bima italipia mkono wa mwanao ulioungua au watasema ni urembo. Usikate tamaa. Wanachokataa ni upasuaji wa kubadilisha kiungo kilicho kizima ili kipendeze. Wa mwanao ni wa kurekebisha: kovu la moto hujikunja na kuvuta ngozi, na mtoto akikua mfupa hurefuka lakini kovu halifuati, kwa hiyo kiungo huzidi kukunjika. Msingoje sana.

Mpwa wangu hapa Kisauni, Mombasa, alimwagikiwa mafuta ya viazi karai. Kiwiko kikawa hakinyooki, hata kumvisha shati la shule ni kilio. Bima ilikataa mara ya kwanza kwa kuwa barua ilisema "kovu" tu. Daktari akaandika upya kwamba mkono haunyooki na hawezi kushika kalamu, akaambatisha picha, wakakubali.

Omba idhini kabla ya kulazwa, na kiwango watakacholipa ukipate kwa maandishi. Kama uko SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hakikisha michango haijakatika. Na kwa mama mwingine aliyeuliza kuhusu mtoto mwenye mdomo uliopasuka wa kuzaliwa: tafuta hospitali inayoshirikiana na shirika la hisani la Smile Train, upasuaji huo hufanywa bure.